Jibini la Masisi, Muhogo wa Walikale

Safari ya Masisi huanzia Sake. Mji huu uko kwenye kona ya kaskazini-magharibi ya Ziwa Kivu, kilomita zipatazo 25 kutoka Goma, na hapo ndipo barabara zinapoachana: moja yapanda kwenda Kitchanga, nyingine Mushaki hadi Masisi-kati, ya tatu yafuata ukingo wa ziwa kwenda Minova. Mgeni akifika, kabla hajauliza njia, wenyeji humwonya kuhusu vijibonde vya mawe meusi vilivyo kando ya makazi. Asishuke humo alfajiri, kabla jua halijapanda na upepo kuanza kuvuma. Huko chini kuna mazuku.

Mazuku ni gesi itokayo kwenye nyufa za ardhi ya volkano. Haionekani, na kwa kuwa uzito wake ni mara moja na nusu ya uzito wa hewa ya kawaida, hutulia mabondeni kama usiku haukuwa na upepo. Mbuzi aliyeshuka kufuata majani hafiki juu tena. Mtoto yumo hatarini kuliko mtu mzima aliyesimama naye, kwa sababu tu pua yake iko chini zaidi. Karibu yote ni kaboni dioksidi, na katika baadhi ya vijibonde hivyo imepimwa ikizidi asilimia 90 ya hewa iliyomo.

Nimekuja kuisifu nchi hii, nami naanza na gesi inayoua, kwa kuwa gesi hiyo ndiyo iliyonifungulia macho kuiona Masisi na Walikale kama ninavyoiona leo. Kila chembe ya kaboni dioksidi ni atomu moja ya kaboni katikati na atomu mbili za oksijeni ubavuni. Kaboni ina elektroni nne katika ganda lake la nje, na ganda hilo hutulia likiwa na nane. Oksijeni inazo sita, yapungua mbili. Hakuna aliye tayari kumpa mwenzake moja kwa moja, basi hushirikiana. Kaboni huweka mbili upande huu na mbili upande ule, kila oksijeni nayo huweka mbili, na hesabu hukamilika kwa wote watatu. Ukiwa Sake ukainua macho, utaona jinsi malisho ya Masisi yalivyogawanywa kwa nyua. Ua ulio kati ya malisho mawili ni mmoja tu, lakini kila mwenye malisho huuhesabu kuwa wake, na ng'ombe wa pande zote mbili wamezungushiwa kikamilifu. Jozi ya elektroni iliyo kati ya atomu mbili iko vivyo hivyo: yahesabiwa huku, yahesabiwa na kule.

Aliyeandika hesabu hiyo kwa mara ya kwanza ni Gilbert Newton Lewis wa California, mwaka 1916. Miaka mitatu baadaye Irving Langmuir akakipa kifungo hicho jina linalotumika hadi leo, kifungo cha kovalenti. Shuleni tulifundishwa kwamba atomu "inataka" kujaza ganda lake. Mimi nadhani maneno hayo yanawapotosha wanafunzi, maana atomu haitaki kitu. Mwaka 1927 Walter Heitler na Fritz London walionyesha kwa hesabu kinachotokea kati ya atomu mbili za hidrojeni: elektroni zikikaa baina ya viini viwili huvutwa na vyote viwili kwa pamoja, na nishati ya jumla hushuka. Viini vikisogeleana mno husukumana. Vikiachana mno mvuto hufifia. Kati ya hayo mawili kuna umbali mmoja ambapo nishati iko chini kuliko pote, na hapo ndipo kifungo hukaa. Ili kukikata lazima uilipe nishati hiyo.

Na hapo penye malipo ndipo ninapotaka kumpeleka msomaji. Mazuku hayana dawa kwa sababu vifungo vyake ni imara. Hakuna moto utakaowashwa bondeni wala mmea utakaoweza kuyamaliza kwa usiku mmoja. Kwa hiyo watu wa Sake wamejifunza kukaa mbali tu. Lakini panda mlima, kisha ushuke upande wa pili hadi msituni, na utakuta watu ambao kwa vizazi wamejua kifungo gani kikatwe, kwa nini, na kwa muda gani. Huo ndio utajiri ninaousifu. Sijauona ukiandikwa katika vitabu vya wageni, ambao wakiitaja Masisi hutaja bunduki kwanza.

Bunduki zipo, sitazificha. Januari 2025 Masisi-kati na Sake ziliingiwa na waasi wa M23 kabla ya Goma kuanguka mwisho wa mwezi huohuo, na Machi vita vikafika Walikale-kati. Anayepanga safari hii aulize hali ya njia siku ileile anayoondoka, na awaulize madereva, maana wao ndio wanaojua.

Barabara ya Mushaki hupanda kwa kona kali. Nyuma yako ziwa linapungua hadi kuwa ukanda wa buluu, na milima ya Nyiragongo na Nyamulagira inasimama upande wa mashariki na mawingu yake. Mbele hakuna tena mawe meusi. Ni kijani, kilima baada ya kilima, majani mafupi yaliyolishwa sawasawa, mikaratusi kwenye kingo, ng'ombe wa kienyeji wenye pembe ndefu pamoja na machotara wa ng'ombe wa Ulaya. Wageni huiita Uswisi ya Afrika. Sioni haja ya jina hilo. Uswisi haina maharage haya wala udongo huu wa volkano, na asubuhi yake haina chukudu, ile baiskeli ya mbao isiyo na kanyagio, inayoteremka na magunia ya viazi huku mwenye nayo amepiga goti moja juu ya ubao na kuuachia mteremko umpeleke.

Maharage hayo yanastahili kusimamisha gari. Ng'oa mche mmoja kwa ruhusa ya mwenye shamba, upanguse udongo, utaona vinundu vidogo kwenye mizizi. Kipasue kimoja kwa ukucha: kikiwa hai, ndani ni chekundu hafifu. Humo hukaa bakteria wanaofanya kazi ambayo viwanda vya dunia huifanya kwa gharama kubwa sana. Hewa tunayovuta ni nitrojeni karibu asilimia 78, na mimea hufa njaa ya nitrojeni katikati ya wingi huo. Sababu ni kwamba atomu mbili za nitrojeni, kila moja ikiwa na elektroni tano nje na kupungukiwa tatu, hushirikiana jozi tatu kwa mpigo. Vifungo vinavyoshinda kifungo hicho ni vichache mno. Fritz Haber alionyesha jinsi ya kukivunja mwaka 1909, Carl Bosch akakijengea kiwanda kilichoanza kazi Ujerumani mwaka 1913, na hadi leo viwanda vya mbolea huhitaji joto la nyuzi 400 na zaidi, pamoja na shinikizo la mara mia na kitu la hewa ya kawaida. Kinundu cha maharage ya Masisi hukivunja katika udongo wenye baridi, usiku na mchana, kwa sukari anayopewa bakteria na mmea. Mkulima anayepanda maharage msimu huu na mahindi msimu ujao katika kipande kilekile anakula matunda ya kazi hiyo, na ndiyo maana vilima hivi vimeilisha Goma miaka mingi hivi.

Lakini aliyefika Masisi bila kuingia katika nyumba ya jibini hajafika. Ufundi huu uliletwa na wamisionari Wakatoliki kutoka Ulaya, ukashikwa na wenyeji, ukawa wao. Jibini la mviringo, la manjano hafifu, lenye ganda gumu kidogo, husafiri hadi Goma, Bukavu na Kinshasa, na huko wengi huliita fromaji ya Goma. Goma hailitengenezi. Linatoka huku, kwenye vibanda vya mbao kandokando ya malisho, vyenye sakafu inayooshwa kila saa na harufu kali ya maziwa yaliyochacha kidogo.

Maziwa hufika alfajiri katika madumu, mengine kichwani, mengine kwa pikipiki. Huchujwa, hupashwa moto hadi yawe na joto kama la mwili wa ng'ombe mwenyewe, hayazidi. Kisha fundi hutia dawa ya kugandisha, kiasi kidogo mno ukilinganisha na sufuria iliyo mbele yake. Zamani ilitoka tumboni mwa ndama anayenyonya. Siku hizi mara nyingi ni unga wa dukani. Baada ya hapo hakuna anayegusa chochote. Hata kuegemea sufuria hairuhusiwi. Nusu saa hivi ikipita, fundi huchovya kidole, hukiinua polepole, na maziwa hupasuka kwa mstari safi. Yameshakuwa kitu kingine.

Nimeyapenda sana yanayotokea katika nusu saa hiyo, nami nitayaeleza bila haraka. Protini ya maziwa iitwayo kaseini huelea katika vibonge vidogo mno. Vibonge hivyo havishikani, kwa kuwa vimefunikwa na aina moja ya kaseini, iitwayo kapa, ambayo ncha zake zimejitokeza nje na zina chaji hasi; kila kibonge humsukuma mwenzake. Kapa-kaseini ni mnyororo wa asidi amino 169, na kila moja imeshikana na jirani yake kwa kifungo cha kovalenti kati ya kaboni na nitrojeni. Vifungo 168, vyote vya namna moja. Kimeng'enya cha tumbo la ndama hukata kimoja: kile kilicho kati ya asidi ya 105 na ya 106. Vingine karibu havigusi. Ncha zile hukatika, huyeyuka katika maji ya maziwa na kwenda zake, na vibonge vilivyobaki bila kinga huanza kushikana, hadi sufuria nzima inakuwa kitu kimoja laini kinachoweza kukatwa kwa kisu. Ndama ana kimeng'enya hicho ili maziwa yakawie tumboni mwake na kumlisha vizuri. Binadamu akaliona hilo, akaliazima.

Fundi hukata mgando huo vipande vidogo, maji ya maziwa yakatoka, nayo hupewa nguruwe. Kilichobaki hushindiliwa katika kalibu za mviringo, hugeuzwa, hulazwa katika maji ya chumvi, kisha hupangwa juu ya mbao kwa wiki kadhaa. Humo rafuni bado vifungo vinakatwa, safari hii polepole na bakteria, na ladha huja hapo: mnyororo mrefu wa protini hauna ladha ya maana ulimini, ila vipande vyake vifupi vinayo. Jibini changa la Masisi ni laini na lina utamu wa maziwa. Lililokaa huuma ulimi kidogo na kuacha ladha ya karanga. Mimi nachagua lililokaa. Kata kipande kinene, kile na viazi vilivyochemshwa na maganda yake, ukiwa umekaa palepale nje ya kibanda, mkabala na malisho.

Kutoka Mushaki barabara hupita Matanda na Bihambwe, na upande mmoja wa njia iko Rubaya, mji wa koltani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wamekadiria kwamba zaidi ya asilimia 15 ya tantali ya dunia, metali inayotolewa katika koltani, hutoka katika vilima hivyo vilivyochimbwa hadi vikawa vyekundu. Mvua ikinyesha vilima huporomoka na watu hufukiwa. Rubaya si mahali pa kupita ukiangalia mandhari, nami sitapaelezea kwa aya moja kana kwamba yatosha.

Baada ya Masisi-kati nchi huanza kuinama. Nyabiondo, kisha vijiji vidogo zaidi, hewa inapata uzito na joto, malisho yanakwisha, migomba inachanganyika na michikichi, na ghafla miti ni mirefu kuliko kitu chochote ulichoona tangu asubuhi. Umeingia Walikale, wilaya iliyo kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, kilomita za mraba zaidi ya 23,000, karibu yote msitu. Njia mara nyingi haipitiki kwa gari, kiasi kwamba watu wa Goma walizoea kwenda kwa ndege ndogo zilizotua Kilambo, juu ya lami ya barabara yenyewe, magari yakisubiri kando zipite. Hii ni nchi ya Wanyanga na Wakano. Ni huku ambako mwaka 1956 mwimbaji Candi Rureke aliwaimbia mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck na wenzake utenzi wa Mwindo, shujaa aliyezaliwa akitembea, ambaye alipokwenda kuzimu kumsaka baba yake alimwachia shangazi yake Iyangura mwisho mmoja wa kamba: ikitulia bila kutikisika, ajue mpwa wake amekufa. Kitabu cha utenzi huo kilitoka mwaka 1969, na ni aibu kwamba wanafunzi wengi wa Afrika Mashariki wamesoma visa vya Ugiriki kabla ya hicho.

Chini ya miti hii chakula ni muhogo, na muhogo ndio somo la pili la safari. Muhogo mchungu una ndani yake kitu kiitwacho linamarini: sukari iliyofungwa kwa kifungo cha kovalenti na kipande kidogo kilichobeba kaboni na nitrojeni zinazoshirikiana jozi tatu. Ni kifungo cha jozi tatu, kama kile cha nitrojeni ya hewani. Hapa hakivunjwi, huondolewa kizimakizima. Katika mmea ulio hai linamarini imetengwa na kimeng'enya chake, kila kimoja katika sehemu yake ya seli. Panya akitafuna, kuta huvunjika, viwili hivyo hukutana, sukari hukatwa, na sianidi ya hidrojeni hutoka. Sianidi hushika madini ya chuma katika seli na kuzizuia kutumia oksijeni. Mmea umejilinda.

Akina mama wa Walikale wanaitumia silaha hiyohiyo kuimaliza. Muhogo humenywa, hulowekwa katika kijito au katika shimo la maji siku tatu au nne, hadi uwe laini na kuanza kunuka. Kuoza huko kunabomoa kuta zote za seli. Kimeng'enya hukutana na linamarini yote, hukata, na sianidi huenda na maji. Inayobaki huondoka juani, kwa sababu sianidi ya hidrojeni huchemka kwenye nyuzi 26 tu, na mkeka wenye muhogo chini ya jua la Walikale una joto kuliko hapo. Ndipo hutwangwa, huchekechwa, huwa unga wa fufu. Majani nayo, sombe, hutwangwa kwenye kinu muda mrefu kwa sababu hiyohiyo: mchi unaposaga seli ndipo sumu inapotoka, na chungu kinapochemka bila kifuniko inapaa na mvuke. Mtu akisema sombe hutwangwa ili iwe laini, amesema nusu.

Siku zikipunguzwa, gharama ni kubwa. Mwaka 1981, kaskazini mwa Msumbiji, ukame uliwaacha watu na muhogo mchungu peke yake, wakaula bila kuutengeneza kwa muda unaotakiwa. Zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wanawake na watoto. Ugonjwa huo, konzo, unajulikana Kongo tangu miaka ya 1930. Ndiyo maana nikisikia familia za Walikale zimekimbilia msituni kwa milio ya risasi, huwaza pia juu ya muhogo ulioachwa majini siku ya kwanza, na njaa itakayowafanya wautoe siku ya pili.

Msitu huu una jiwe zito pia. Bisie, ndani ya Walikale, ni mlima wa kasiteriti. Wachimbaji wa mikono walianza kumiminika huko mwanzoni mwa miaka ya 2000, na wabebaji walitembea mwendo wa siku nzima na zaidi msituni hadi Njingala wakiwa na kilo 50 mgongoni. Mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji katika sehemu ya mlima iitwayo Mpama Kaskazini, ambayo madini yake yana bati nyingi kuliko karibu machimbo yote yajulikanayo. Kasiteriti ni bati na oksijeni, na kifungo chake si cha namna moja tu: oksijeni huzivuta elektroni kwa nguvu kuliko bati, kwa hiyo ni nusu kushirikiana, nusu kunyang'anya. Hushika sana. Ili bati itoke unahitaji tanuru lenye joto la zaidi ya nyuzi 1,000 na kaboni itakayoichukua oksijeni kwa nguvu zaidi ya bati. Kinachopaa kutoka tanuruni ni gesi za kaboni, na mwishowe kaboni dioksidi ileile iliyolala mabondeni Sake. Tanuru hilo haliko Walikale. Jiwe huondoka likiwa jiwe, kifungo hukatwa mbali, na faida iliyomo katika kukikata hubaki huko. Watu walioweza kuitoa sumu katika muhogo na kuigeuza maziwa kuwa jibini wangeyaweza na haya, wangepewa umeme, barabara na miaka kumi ya amani.

Jioni Walikale-kati huenda mtoni. Lowa ni mpana hapa, rangi ya chai ya rangi, na unapokea maji ya mgongo huu wa milima kuyapeleka Lualaba. Mvua iliyoanguka upande wa Sake imechukua njia ndefu: Kivu, Ruzizi, Tanganyika, Lukuga, kisha nayo Lualaba. Njia zote mbili huishia Mto Kongo. Nilidhani zamani kwamba chembe ya maji inayoondoka hapa ndiyo itakayofika Atlantiki. Wanakemia wanasema sivyo. Oksijeni husafiri, lakini hidrojeni zake hubadilishana mahali: moja huachia, nyingine kutoka chembe ya jirani hushika, mara elfu moja hivi kwa kila sekunde. Vifungo vya maji ni imara vya kutosha kuyafanya maji yabaki maji na ni vyepesi vya kutosha kubadili wenzi bila mtu kuona, na damu yetu isingefanya kazi bila tabia hiyo.

Chakula cha Walikale ni fufu nyeupe, sombe ya mawese, na samaki wa Lowa kama wavuvi walibahatika. Mwenye kipande cha jibini kilichonusurika njiani akitoe; huku ni kitu cha heshima kwa mwenyeji, na kikikaa siku mbili katika joto hili kitatoka mafuta. Kesho yake anayeendelea na safari ashike barabara ya magharibi kwenda Lubutu, na baada ya hapo Kisangani, akiwa na maji ya kunywa, taarifa mpya za njia, na nauli ya kurudi aliyoiweka kando.